Vyungu vitatu vya maua ya kuning'iniza: tathmini baada ya miezi 18

Mwanzoni mwa Machi mwaka jana nilinunua vyungu vitatu vya maua ya kuning'iniza katika bustani moja ya miche iliyo kando ya barabara hapa Dar es Salaam. Sikuandika tathmini wakati ule, kwa kuwa mmea wa chungu hauwezi kuhukumiwa siku unapotoka bustanini, ukiwa umetoka kunyunyiziwa maji, umefutwa vumbi na umepangwa kivulini pamoja na wenzake. Sasa imetimia miezi 18. Chungu kimoja kinachanua mpaka majirani wanaomba vipandikizi, cha pili kiko hai lakini hakijatoa ua hata moja, na mmea wa tatu ulikufa kabla masika hayajaisha. Kwa kifupi, bustani ile inauza mimea mizuri iliyopandwa katika udongo usioifaa, na ushauri inaoutoa unafaa zaidi kwa tuta la mchicha.

Nianze na sifa, maana zipo. Bustani nyingi za barabarani hukuuzia bogenvilia, waridi, asumini na nyasi za kupanda uani, basi. Hii imetundika chini ya neti nyeusi makumi ya vyungu vyenye mimea inayoteremka, na mimea yenyewe ilikuwa na afya: majani magumu, yasiyo na madoa, shina zenye machipukizi mapya kwenye ncha. Kijana aliyenihudumia alikuwa mpole na mwenye subira. Alishusha vyungu vinane kimoja baada ya kingine ili nichague, na hakununa nilipovirudisha vitano.

“Huu tunauita lipstiki, mama,” aliniambia akigeuza chungu ili nione maua mekundu. “Uweke juani, umwagilie asubuhi na jioni, utachanua mpaka uchoke mwenyewe.”

Alitaka shilingi 40,000, tukakubaliana 35,000. Mmea wa pili, wenye majani mazito yanayong'aa, niliupata kwa 25,000, na wa tatu, mdogo wa maua ya zambarau, kwa 10,000. Bei hizo si za kutupa, ila nikizilinganisha na za maduka ya mapambo yenye viyoozi, ambako vyungu kama hivyo huuzwa kwa karibu mara mbili, siwezi kulalamika. Nilimuuliza pia kuhusu ule mmea wa majani yenye mabaka ya manjano ambao kila ofisi ya mjini inao juu ya kabati la mafaili, akaniapia kuwa nao hutoa maua. Hapo alinipoteza kidogo. Mmea huo, Epipremnum aureum, karibu hauchanui kabisa, kwa sababu mwili wake unashindwa kujitengenezea vya kutosha homoni ya jiberelini inayoanzisha ua. Anayeupenda aupende kwa majani yake, na auweke mbali na mtoto anayetia kila kitu mdomoni, kwa kuwa utomvu wake unawasha.

Sasa niseme juu ya udongo, ambao ndio kiini cha malalamiko yangu. Mmea ulioitwa lipstiki ni Aeschynanthus radicans, na kwao ni misitu yenye mvua ya Rasi ya Malay, Sumatra, Java na Borneo, ambako hauoti ardhini bali juu ya matawi ya miti mikubwa. Mizizi yake hushika gome, hujipenyeza katika kuvu na majani yaliyooza kwenye panda za matawi, hupata mvua ya kishindo kila mara, kisha maji hayo huteremka yote na upepo ukapita. Kwa hiyo ni mizizi iliyozoea kulowa na kupumua kwa zamu. Ule wa majani mazito, Hoya carnosa, ambao wengine huuita ua la nta, unatoka kusini mwa China, Vietnam, Taiwan na visiwa vya kusini mwa Japani, na tabia yake inafanana: hupanda miti na miamba, na huhifadhi maji ndani ya majani yake.

Wiki ya tatu baada ya kununua, majani ya chini ya lipstiki yalianza kuwa manjano na kudondoka nikiyagusa tu. Nilikuwa nikimwagilia asubuhi na jioni kama nilivyoelekezwa. Nilikishusha chungu, nikakigeuza juu ya gazeti, na kilichotoka kilikuwa donge moja la udongo mweusi wa mfinyanzi uliochanganywa na samadi, limeshikamana kama tofali ambalo halijachomwa. Nilipolipasua kwa kisu lilitoa harufu ya mtaro. Ndani yake hapakuwa na mmea mmoja bali vipandikizi sita vilivyochomekwa kwa duara ili chungu kionekane kimejaa, na mizizi yote ilikuwa imekimbilia sehemu ya juu, ndani ya sentimita tatu hivi, kutafuta hewa. Iliyothubutu kushuka chini ilikuwa ya kahawia na laini. Ukiivuta, ganda linavuka na kubaki uzi mwembamba mkononi.

Kuweka vipandikizi kadhaa katika chungu kimoja si udanganyifu. Ndivyo mimea ya kuning'iniza inavyopandwa kila mahali, na ni vizuri iwe hivyo. Kosa ni lile tofali. Ninafahamu kwa nini wanalitumia: udongo wa mfinyanzi hauwagharimu kitu, hushika maji siku nzima chini ya neti yenye upepo, na mmea unakaa pale wiki chache tu kabla ya kuuzwa. Mnunuzi ndiye anayebaki nalo.

Mchanganyiko uliouokoa mmea wangu haukununuliwa dukani. Nilichukua makumbi ya nazi kutoka kwa muuza madafu, nikayakatakata vipande vya ukubwa wa kidole gumba, nikayaloweka siku tatu huku nikibadilisha maji ili chumvi itoke, kisha nikachanganya sehemu tatu za makumbi hayo pamoja na usumba wake, sehemu moja ya mkaa uliopondwa mpaka ukawa kama punje za mahindi, na sehemu moja ya mboji iliyochekechwa. Maji yakimiminwa juu yanatokea chini baada ya kuhesabu mpaka tano. Chungu chenye kipenyo cha sentimita 20 ambacho kilikuwa na kilo sita na nusu kikiwa kimelowa sasa kina kilo mbili na robo, jambo ambalo kulabu ya dari yangu imelishukuru. Kwa wale wenye dari za jipsamu, nasisitiza: kulabu ishike mbao au zege lililo juu yake, kwa maana ubao wa jipsamu peke yake utashuka na chungu usiku mmoja mkiwa mmelala.

Vyungu vyenyewe ni vya plastiki, vina waya tatu za kutundikia na kisahani kilichobanwa chini. Waya ni imara, hazijapata kutu. Kisahani ndicho kibaya, kwa sababu kimebana mno, na matundu ya chungu yanagusa sakafu yake, hivyo maji yaliyotoka hurudi. Nilivibandua vyote kwa bisibisi na kuongeza matundu manne kwa msumari uliopashwa moto. Sakafu ya baraza inalowa kidogo; inafutwa.

Kuhusu jua, maneno “uweke juani” yanahitaji kusahihishwa, na hapa mji wetu una hila yake. Baraza yangu inatazama kaskazini. Nilipotundika vyungu mwanzoni mwa Machi, jua lilikuwa karibu utosini, na kwa miezi ya kiangazi iliyotangulia lilikuwa likipita upande wa kusini, kwa hiyo baraza ilikuwa na kivuli kizuri chenye mwanga, nami nikadhani nimepata mahali pa kudumu. Dar es Salaam iko karibu nyuzi saba kusini mwa ikweta. Kuanzia Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba jua la adhuhuri huwa upande wetu wa kaskazini. Mawingu ya masika yalinificha ukweli huo mpaka Juni. Anga lilipotakata, jua la kuanzia saa nne lilianza kuingia kwa pembeni na kuyakuta majani yaliyokuwa ukingoni. Katika siku kumi yalikuwa na rangi ya shaba upande mmoja, na machache yaliungua mpaka yakawa kama karatasi. Nilivisogeza vyungu ndani kwa urefu wa mkono mmoja, tatizo likaisha. Mimea hii inataka mwanga mwingi uliochujwa, ule unaokuwezesha kusoma gazeti bila taa kuanzia asubuhi hadi jioni, pamoja na jua la moja kwa moja kabla ya saa tatu asubuhi. Ikiwekwa sebuleni mbali na dirisha haitakufa upesi. Itarefusha shina, majani yatakuwa mbalimbali, na maua hutayaona.

Maji nayo hayaendi kwa saa. Mimi hukiinua chungu kwa kiganja: kikiwa chepesi, na kidole kilichozama hadi kiungo cha pili kikitoka kikavu, namwagilia mpaka yatoke chini, kisha nakiacha. Katika joto la Januari ni kila baada ya siku mbili kwa lipstiki, na siku tano au sita kwa ua la nta. Katika Julai, mara mbili kwa wiki na mara moja kwa siku kumi. Maji ya kisima chetu yana chumvi, kama visima vingi vya jiji hili, na baada ya miezi minne ukingo wa chungu ulikuwa na utando mweupe huku ncha za majani zikikauka. Tangu hapo natumia maji ya mvua niliyokinga kwenye pipa, na yakiisha natumia ya bomba. Muuzaji hakunigusia jambo hilo hata kidogo, ingawa yeye mwenyewe, niligundua baadaye, ana tangi la maji ya mvua nyuma ya kibanda chake.

Baada ya marekebisho hayo, lipstiki imethibitisha kila neno la sifa aliyopewa. Ua lake hutanguliwa na kikombe cheusi chenye wekundu wa zambarau, kilichofumba kama kifuniko. Siku chache baadaye ncha nyekundu yenye malaika laini huchomoza ndani yake, na kwa siku mbili hivi hufanana kweli na rangi ya mdomo iliyozungushwa nusu kutoka kwenye kibweta chake. Hutokea kwa mafungu kwenye ncha za shina. Kwao maua ya namna hii huchavushwa na ndege wa jamii ya chozi, na chozi wa kwetu, ambao hawajawahi kuiona Java, hawakuhitaji kufundishwa: mwezi Oktoba mmoja wa kijani kinachometa alianza kuja kila asubuhi, akining'inia kichwa chini kwenye shina ambalo halikutikisika, akachovya mdomo ua moja moja, na akaondoka kabla sijaweka kikombe cha chai chini.

Kwa kuwa maua huja kwenye ncha za ukuaji mpya, mmea usiokatwa huishia kuwa na kamba ndefu zilizo na upara juu na shada dogo chini. Kila mchanuo ukiisha mimi hukata theluthi ya urefu. Vipande vya ncha vya sentimita kumi, nikivitoa majani ya chini na kuvichomeka katika usumba wenye unyevu chini ya chupa ya maji iliyokatwa kitako, hutoa mizizi ndani ya wiki tatu au nne. Kwa njia hiyo shilingi 35,000 zimezaa vyungu vitano hadi sasa, viwili vyangu na vitatu vya majirani, na nikihesabu hivyo ndio ununuzi wenye faida kuliko yote niliyoifanya mwaka ule. Mbolea ni kidogo: ya maji ya kunyunyiza, nusu ya kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, mara moja kwa mwezi, na hakuna kabisa mmea unapokuwa umedumaa.

Ua la nta ndilo linaloniuma. Siku ya kununua lilikuwa na vijiti vifupi visivyo na majani, vya urefu wa sentimita mbili tatu, vyenye makovu ya duara kwenye ncha. Kijana alichukua mkasi. “Hivi vimekufa, mama, nikusafishie?” Nami, bila kujua, nikamwambia asafishe. Vilitoa utomvu mweupe kama maziwa, dalili ambayo ingetosha kutustua sote wawili kwamba havijafa. Vijiti hivyo ndivyo vikonyo vya maua: Hoya huchanua mwaka hadi mwaka kwenye kikonyo kilekile, kikiongezeka urefu kidogo kila msimu, na anayekikata amekata maua ya miaka inayokuja. Mmea uliopoteza vikonyo vyake vyote hulazimika kuanza upya, na hauna haraka. Baadaye ulirusha kamba ndefu tupu zisizo na jani hata moja, nikataka kuzikata nazo. Safari hii nilisoma kwanza, nikajua kwamba mmea hutangulia kutafuta pa kushika ndipo huvika majani. Nimezizungusha kwenye duara la waya na zimejaa majani. Vikonyo viwili vipya vimeonekana mwezi uliopita, baada ya ubaridi wa Julai, na hakuna ruhusa ya kuvigusa nyumbani kwangu.

Jina Hoya, kwa wapenda mambo hayo, lilitolewa na mtaalamu wa mimea Robert Brown mwaka 1810 kwa heshima ya Thomas Hoy, mtunza bustani wa Duke wa Northumberland huko Syon House, London. Hoy alikuwa mtu wa koleo na jembe, na nafurahi kwamba mmea mzuri namna hii umebeba jina la mfanyakazi badala ya la mwenye jumba.

Mmea wa tatu ulikuwa Saintpaulia ya aina inayotambaa, na hasara ya shilingi 10,000 ninaibeba mimi zaidi kuliko bustani. Mmea huu ni wa nyumbani kabisa. Mwaka 1892 Baron Walter von Saint Paul-Illaire, aliyekuwa mtawala wa Kijerumani katika eneo la Tanga, aliupeleka kwa baba yake Ujerumani; mwaka uliofuata mtaalamu wa mimea Hermann Wendland akaupa jina la ukoo wao, na tangu hapo umejaa madirisha ya Ulaya na Marekani. Zile zinazoteremka zimezalishwa kutokana na jamaa zao watambaao, kama ile ya Amani katika Usambara Mashariki, inayoshika miamba yenye kivuli karibu na vijito. Ndugu zake waliobaki milimani wanatishwa na ufyekaji wa misitu, nasi tunanunua machotara yao kando ya barabara kama wageni. Lakini Amani iko kwenye takriban mita 900 juu ya usawa wa bahari, na baraza yangu iko karibu sawa na bahari yenyewe. Usiku wa Machi wenye joto, udongo wa mfinyanzi, na maji yaliyomwagwa juu ya majani yenye manyoya viliuozesha moyo wake ndani ya wiki saba. Dada yangu aliyeko Lushoto anao kama huo dirishani, haufanyii lolote la ajabu, na unachanua. Mwenye kuishi Dar au Mombasa asinunue, na muuzaji mwaminifu angemwambia hivyo.

Huduma ya kufikisha mzigo ilikuwa dhaifu. Vyungu vilikuja kwa bodaboda, kimoja kimetundikwa kwenye usukani, na shina mbili za lipstiki zilifika zimevunjika. Bustani haikuomba radhi wala haikukataa, ilisema tu zitachipua, na ni kweli zilichipua. Wiki ya sita nilikuta kwenye makwapa ya majani ya Hoya vidung'ata, wale wadudu weupe wanaofanana na pamba, ambao nina hakika walikuja na mmea, maana sikuwa na mmea wa kutoka kwingine. Pamba iliyochovywa kwenye spiriti, kila siku ya tatu kwa wiki tatu, iliwamaliza. Sisimizi waliokuwa wakipanda kwenye waya ndio walionionyesha walipo, kwa hiyo ukiona msafara wa sisimizi kuelekea kwenye chungu usikimbilie kuwapulizia dawa, wafuate kwanza.

Mwezi huu nimerudi katika bustani ileile, na hilo ni sehemu ya tathmini yangu. Kijana alinikumbuka. Nilichagua lipstiki ya aina nyingine, yenye majani yaliyojikunja kama nywele za kusokota, nikamwomba anitolee mmea bila chungu na bila udongo wake. Alicheka, akamwita mwenzake aje aone mteja anayekataa mbolea ya bure, kisha akakubali kupunguza shilingi 6,000 za chungu. Akalitikisa donge ndani ya ndoo ya maji mpaka mizizi ikabaki mitupu, nikaikagua juani, ilikuwa myeupe. Aliifunga kwenye gazeti lililoloweshwa, na kabla sijalipa akaniuliza yale makumbi huwa nayakata kwa panga au kwa kisu.